UZI: Miaka kumi ya kugombania jina. Historia ya NGLHRC, kutoka dirisha la usajili hadi Mahakama ya Juu

KaraniMstaafu (Nairobi)

Wadau, habari za jioni. Juzi kwenye ule uzi wa siasa mtu aliandika kwamba "Mahakama ya Juu ilihalalisha ushoga Kenya mwaka 2023." Nikamwambia sivyo, akanitukana, nikanyamaza. Leo nina muda na chai iko kwenye chupa, kwa hivyo nafungua uzi wake kabisa. Nitaandika kwa vipande. Msinikate katikati, ingawa najua mtanikata.

Kwanza mjue nasimama wapi. Nilikuwa karani wa ofisi ya mawakili hapa mjini kwa miaka ishirini na ushei. Kazi yangu ilikuwa kubeba mafaili: kupiga foleni masjala ya mahakama ya Milimani, kugongesha mihuri, kumpelekea wakili wa upande wa pili nakala zake na kurudi na sahihi. Ofisi yetu haikuhusika na kesi hii hata siku moja. Lakini ukishinda masjala unazijua kesi kama kondakta anavyowajua abiria wa asubuhi, na hii ya nambari 440 ya mwaka 2013 tuliijua wote. Mimi pia ni mzee wa kanisa, kwa hivyo anayetaka kuniita mwanaharakati ajipange upya.

Shirika lenyewe linaitwa National Gay and Lesbian Human Rights Commission. Ni refu, ndiyo maana watu husema NGLHRC. Kwa Kiswahili ungesema Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu za Mashoga na Wasagaji. Shikeni hilo jina, maana kesi nzima ilikuwa ni jina.

KaraniMstaafu

Kipande cha kwanza. Harakati hizi hazikuanzia mahakamani. Mwaka 2006 vikundi vidogo vidogo viliungana chini ya mwavuli mmoja ulioitwa GALCK. Januari 2007 likaja lile Kongamano la Kijamii la Dunia pale Kasarani, nao wakapiga hema lao, wakaliita Q-Spot. Watu walikwenda kuchungulia kama wanaochungulia ajali. Nilipita pale nikiwa na shemeji yangu. Tulikuta kijana ameketi mchana kweupe anajibu maswali, mengine ya matusi, kwa upole wa mwalimu wa chekechea. Shemeji aliuliza swali moja la kipuuzi ambalo sitaliandika hapa. Akajibiwa. Tukaondoka kimya.

Sasa angalieni majina ya wakati ule. Vikundi vingi vilijificha kwenye herufi na maneno ya jumla. Mombasa mwaka 2008 kulianzishwa PEMA Kenya. Ukirefusha ni Persons Marginalized and Aggrieved, watu waliotengwa na kudhulumiwa. Humo ndani hakuna shoga wala msagaji. Na Mswahili akisikia "pema" anafikiria pahali pema. Ni jina la busara, silikejeli hata kidogo. Jina kama hilo lilikuwa mwavuli wa mvua ya mawe.

BiKibokoni

Mwanangu karani, samahani naingilia. Hilo neno nyie wa bara mwalitumia kama jiwe la kumpiga mtu. Sisi huku shoga ni mwenzio wa kike, wa kupeana siri na kuazimana leso. Nilipokuwa kigori nikipiga kelele dirishani "shoga, njoo tusukane" hakuna aliyegeuka. Siku hizi mjukuu wangu akinisikia namwita hivyo shoga yangu wa Makadara, anatamani ardhi immeze.

Na ile maana nyingine tuliijua vile vile, msidhani ilishuka na ndege juzi. Kwenye maharusi na ngoma walikuwapo, na kila mtu mtaani aliwajua kwa majina yao na ya mama zao. Hatukuwa tukiwasifu, sisemi uongo. Lakini hatukuwa tukiwazulia kuwa wageni.

KaraniMstaafu

Bi Kibokoni shikamoo. Nimekatwa katikati na nimefurahi.

Kinyozi_Mtwapa

Hapo kwenye mvua ya mawe mimi nilikuwapo, mzee. Ijumaa tarehe 12 Februari 2010.

Wiki nzima kulikuwa na uvumi kwamba kuna harusi ya wanaume wawili hapa kwetu. Bwana harusi hakuonekana wala kadi haikuonekana, lakini kila mtu alikuwa na binamu aliyealikwa. Masheikh na wachungaji, ambao siku nyingine hawasalimiani, wakawa kitu kimoja. Siku yenyewe umati ukakizingira kituo cha KEMRI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, pale walipokuwa wakitoa huduma za ukimwi, kwa madai kwamba ndiyo maskani ya mashoga. Polisi wakawabeba wanaume kadhaa.

Mimi nilikuwa na mteja kitini. Nilikuwa nimemnyoa upande mmoja. Kelele zilipokaribia akaniomba nizime redio, kisha akainuka, akaenda kukaa nyuma ya pazia ninapowekea ndoo za maji. Alikaa huko mpaka magharibi, nusu kichwa kimenyolewa na nusu bado. Sikumuuliza na hakuniambia. Giza lilipoingia nikammalizia kwa mshumaa, akanilipa mara mbili, nikamrudishia nusu.

MlinziWaMila

Hadithi tamu. Lakini hakuna anayesema wapigwe. Tunasema wasisajiliwe. Serikali ikisajili kitu maana yake imekibariki. Mbona hilo ni gumu kuelewa?

KaraniMstaafu

Mlinzi, umeuliza swali lile lile Bodi ya kusajili mashirika ililouliza, kwa hivyo nakujibu kwa kuendelea.

Kipande cha pili. Agosti 2010 tukapata katiba mpya. Kifungu cha 36 kinasema kila mtu ana haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake. Kila mtu. Kifungu cha 27(4) kinakataza ubaguzi kwa sababu ya rangi, jinsia, ujauzito, dini, ulemavu na mengine, na kabla ya orodha kuna neno "pamoja na". Neno dogo sana hilo. Baadaye majaji waliliona kama mlango ulioachwa wazi makusudi.

Mwaka 2012 mawakili vijana wakaanzisha NGLHRC. Aliyesimama mbele ni Eric Gitari. Njeri Gateru, naye wakili, ndiye aliyekuja kuliongoza shirika baadaye. Tofauti yao na vikundi vya kabla yao ni kwamba hawa walikuwa watu wa mafaili. Walijua kuandika hati ya kiapo, walijua dirisha gani la masjala lina karani mkali.

Gitari akaenda Bodi ya Kuratibu Mashirika Yasiyo ya Kiserikali kuomba kuhifadhiwa jina. Kwa msiojua: kabla hujasajili shirika unapeleka majina, wanayatafuta kwenye daftari kuona kama kuna mwenye nalo, wakiridhika wanakuwekea moja. Ni shughuli ya dakika chache, kama kuangalia plati ya gari. Majina aliyopeleka yalikuwa na mwanzo mmoja, Gay and Lesbian Human Rights, kisha mkia unabadilika: Council, au Observancy, au Organization. Akaambiwa hayakubaliki, ayabadilishe. Hakuyabadilisha.

Barua ya kukataliwa ni ya tarehe 25 Machi 2013. Bodi ilitaja vifungu vya 162, 163 na 165 vya Kanuni za Adhabu, vile vinavyotoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa "tendo la ndoa kinyume na maumbile". Na ikaegemea kanuni moja ya mwaka 1992 inayomruhusu mkurugenzi kukataa jina ambalo, kwa maoni yake, linachukiza au linapingana na sheria au halifai kwa namna nyingine.

Na hapo ndipo uzi wangu ulipo. Angeweza kuandika "Vijana kwa Haki na Usawa" akapigiwa muhuri siku hiyo hiyo. Bodi yenyewe iliingia mahakamani ikasema hivyo: hatujamnyima kuunda shirika, achague tu jina jingine. Kwangu mimi hoja hiyo ndiyo iliyowaangusha. Kama kazi ya shirika ni ile ile, watu ni wale wale, ofisi ni ile ile, basi kilichokatazwa ni kutajwa. Walikubaliwa wawepo mradi wasijiite.

Mzaramo_Asilia

Mkuu, nakazia hapo. Swali la mtu wa Bongo: kwa nini hakuanza na kupinga hiyo 162 yenyewe? Ukishaifuta sheria, jina linapita lenyewe.

KaraniMstaafu

Swali zuri mkuu. Nadhani ilikuwa hesabu ya kiwakili. Ukienda moja kwa moja kwenye 162 unamwambia jaji "ruhusu tendo." Ukienda kwenye jina unamwambia "ruhusu watu kuketi mezani na kuandika kumbukumbu za mkutano." La pili jaji anaweza kulisaini na akaenda kanisani Jumapili. Na kesi ikiwa bado mahakamani njia ikaanza kufyekwa: Julai 2014 Jaji George Odunga aliiamuru Bodi hiyo hiyo ilisajili shirika la waliobadili jinsia, Transgender Education and Advocacy, lake Audrey Mbugua. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Botswana ikaamua LEGABIBO, shirika la mashoga na wasagaji la huko, isajiliwe. Majaji wetu wakaona mto una kina gani kabla hawajaingia.

KaraniMstaafu

Kipande cha tatu, Mahakama Kuu. Majaji watatu: Isaac Lenaola, Mumbi Ngugi na huyo huyo Odunga. Hukumu ilisomwa tarehe 24 Aprili 2015, na wote watatu walikuwa upande mmoja. Walichosema, kwa lugha ya sokoni: "kila mtu" katika kifungu cha 36 ni kila mtu. Katiba haikuandika "kila mtu isipokuwa." Sheria ya adhabu inakataza matendo fulani, haikatazi mtu kuwa alivyo, wala haikatazi watu kukutana na kujadili haki zao. Na imani za wengi, hata zikiwa za dhati kiasi gani, si kipimo cha kumnyima mtu haki aliyopewa na katiba.

Mlinzi, hapo ndipo swali lako la baraka lilipojibiwa. Msajili si kasisi. Msajili mmoja husajili vyama vya siasa vinavyotukanana, mwingine husajili madhehebu yanayoitana ya shetani. Muhuri wake hausemi "nimependa", unasema "nimeona".

Bodi ikakata rufaa. Ukadhani mambo yataisha kesho. Yalichukua miaka minne.

MlinziWaMila

Sikubaliani lakini hiyo ya msajili si kasisi nimeicheka. Hata hivyo huu mpango wote ni wa wazungu. Mwafrika wa kawaida hana habari na haya.

BiKibokoni

Baba, mimi nimeandika nini hapo juu?

KaraniMstaafu

Mlinzi, kuhusu wazungu tunaweza kukubaliana nusu. Kifungu cha 162 ni cha wazungu. Waingereza walikiandika kwanza kwa ajili ya India mwaka 1860, kile kifungu chao cha 377, kikasafiri na makarani wao hadi huku. Kanuni zetu za Adhabu ni za mwaka 1930. Babu yangu hakushirikishwa. Siku zile hata kahawa alikuwa haruhusiwi kuipanda.

KaraniMstaafu

Kipande cha nne, na hiki ndicho kilichonitoa mimi kwenye kuwa mtazamaji tu.

Wakati kesi ya jina imelala Mahakama ya Rufaa, shirika halikulala. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa huko Kwale kwa kushukiwa tu. Hakimu wa Ukunda akatoa amri wapelekwe hospitali ya serikali Mombasa wapimwe damu na wakaguliwe sehemu ya haja kubwa ili kupata "ushahidi". Samahani kwa lugha, lakini ndicho kilichofanyika, na kuna njia chache za kukisema kwa adabu. Kiliitwa uchunguzi wa kitabibu. NGLHRC ikawasaidia kufungua kesi Mombasa. Juni 2016 Jaji Mathew Emukule akaitupa, akaona hakuna haki iliyovunjwa.

Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, pale pale Mombasa, ikaigeuza hukumu hiyo. Ikasema uchunguzi ule ulikiuka katiba na ushahidi uliopatikana kwa njia hiyo haufai kutumika.

Nilikuwa nimepeleka faili letu la mgogoro wa ardhi Mombasa wiki hiyo. Jioni nikaketi na karani mwenzangu wa huko kwenye benchi la kahawa, mtu wa dini, kofia haimtoki kichwani. Hakuwapenda hao watu na hakuficha. Akamimina kahawa, akasema: "Lakini Nairobi, mwanangu angeshikwa hata kwa kuiba kuku, bila hukumu hii nani angemzuia daktari?" Kisha tukazungumza ya ardhi.

Kila anayeniuliza kwa nini mzee wa kanisa anaijua kesi hii kwa tarehe, jibu ni benchi lile.

Kinyozi_Mtwapa

Umesema kweli. Hukumu ile ilipunguza ujeuri wa askari huku kwetu. Haikuuondoa, ila iliupunguza.

KaraniMstaafu

Kipande cha tano, mwaka wenye asali na shubiri, 2019.

22 Machi 2019, mwaka mmoja kamili baada ya ile ya Mombasa, Mahakama ya Rufaa ikaamua kesi ya jina. Majaji watano safari hii. Philip Waki, Asike Makhandia na Martha Koome wakasema Mahakama Kuu ilikuwa sahihi. Roselyn Nambuye na Daniel Musinga wakapinga. Tatu kwa mbili.

Miezi miwili baadaye ikaja ile nyingine, ya kupinga 162 yenyewe, ambayo Mzaramo ameiulizia. Ilikuwa imefunguliwa 2016, na Gitari alikuwa mmoja wa walalamishi. Hukumu ilitarajiwa Februari, majaji wakaomba muda kwa sababu ya wingi wa kazi, ikasogezwa hadi 24 Mei. Chumba kilijaa hadi nje. Majaji Roselyne Aburili, Chacha Mwita na John Mativo wakaitupa. Walisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba watu huzaliwa hivyo, tena kwamba kuondoa vifungu hivyo kungefungua mlango wa nyuma wa ndoa za jinsia moja, ilhali kifungu cha 45 cha katiba kinaizungumzia ndoa ya mume na mke.

Nilikuwa kwenye korido nikisubiri saini. Wa kwanza kutoka walikuwa waandishi wa habari, wakikimbia. Kisha wakatoka vijana wawili wameshikana mikono kama watu waliotoka mochari. Upande wa pili wa korido akina mama waliovaa sare za maombi wakaanza wimbo. Mmoja wao, na hili nililiona kwa macho yangu, alikatiza wimbo akafungua mkoba, akampa mmoja wa wale vijana kitambaa cha kufutia uso. Akarudi kwenye wimbo bila kukosa ubeti.

Wiki tatu hazijaisha, Botswana wakafuta sheria yao ya namna hiyo hiyo, tarehe 11 Juni. Majirani wa sheria moja, mkoloni mmoja, majibu mawili.

DerevaWaMalaba

Mzee karani, mimi napakia Kampala kila wiki mbili. Huko habari ni tofauti kabisa. SMUG, shirika lao la kutetea mashoga, lile la Frank Mugisha, nao walikwenda kuhifadhi jina tu, wakakataliwa kwa maneno karibu yale yale, kwamba halifai. Wakashtaki, wakashindwa Mahakama Kuu 2018. Agosti 2022 serikali ikawafungia kazi kwa sababu hawajasajiliwa! Umenikatalia usajili, halafu unanifungia kwa kukosa usajili. Machi 2024 Mahakama ya Rufaa yao nayo ikasema msajili alikuwa sahihi. Na katikati hapo, Mei 2023, Museveni akasaini ile sheria kali dhidi ya mashoga.

Mzaramo_Asilia

Kwetu sisi hata hatufiki dirishani wakuu. Oktoba 2017 watu 13 walikamatwa Dar wakiwa kwenye kikao cha kushauriana kuhusu kesi waliyotaka kuifungua, wakiwemo mawakili kutoka Afrika Kusini. Kesi ilikuwa kuhusu huduma za afya, si ndoa wala nini. Mawakili wa nje wakarudishwa kwao. Yaani ulikamatwa kwa kufikiria kwenda mahakamani. Na kifungu chetu cha 154, ndugu wa 162 yenu, kinafika kifungo cha maisha.

Naandika haya halafu nafuta historia ya simu, mtanisamehe.

KaraniMstaafu

Jilinde, mkuu.

Kipande cha mwisho. Bodi haikuchoka, ikaenda Mahakama ya Juu. Huko kukawa na kioja kidogo cha hesabu. Lenaola alikuwa ameshapanda kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, na Koome alikuwa Jaji Mkuu tangu 2021. Wote wawili walikuwa wameshaiamua kesi hii chini. Wakabaki watano tu kati ya saba: Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu, Mohammed Ibrahim, Smokin Wanjala, Njoki Ndung'u na William Ouko. Kenya Christian Professionals Forum, jukwaa la wanataaluma Wakristo, walikuwemo kupinga usajili, na Katiba Institute, shirika la kutetea katiba, wakaingia kama rafiki wa mahakama, yaani kushauri bila kuwa upande wa kesi.

Mwaka 2023 ulianza vibaya. Mapema Januari mwili wa Edwin Chiloba, mwanamitindo na mtetezi wa haki hizi, uliokotwa ndani ya sanduku la bati kando ya barabara huko Uasin Gishu. (Aliyemuua alihukumiwa miaka 50 Desemba 2024.) Mlinzi alisema hakuna anayetaka wapigwe. Namwamini yeye. Siwaamini wote.

Tarehe 24 Februari 2023 hukumu ikatoka. Mwilu, Wanjala na Njoki upande mmoja, Ibrahim na Ouko upande wa pili. Tatu kwa mbili tena. Waliowengi walisema neno "jinsia" katika kifungu cha 27(4) linabeba pia mwelekeo wa mapenzi wa mtu, na kwamba kulikataa shirika kwa sababu ya mwelekeo wa wanachama wake ni ubaguzi. 162 haikuguswa. Ndiyo maana nasema yule bwana wa uzi wa siasa alikosea: siku ile hakuna tendo lililohalalishwa. Kilichoruhusiwa ni jina kwenye karatasi.

Jumlisheni. Majaji 13 katika ngazi tatu, 9 waliunga mkono na 4 walipinga. Muda kutoka barua ya Bodi hadi hukumu ya mwisho: miaka kumi kasoro mwezi mmoja. Mtoto aliyezaliwa siku ya barua alikuwa darasani anajifunza kugawanya.

Siasa ikalipuka, mnakumbuka. Rais Ruto akasema anaiheshimu mahakama lakini mila na dini zetu haziruhusu. Mbunge wa Homa Bay Town, George Peter Kaluma, akaomba Mahakama ya Juu iupitie upya uamuzi wake, ombi likatupwa tarehe 12 Septemba 2023 kwa kuwa hakuwa mhusika kwenye kesi. Akaandaa na mswada wake wa kulinda familia.

MlinziWaMila

Nimesoma yote. Bado sijabadilika. Lakini mimi nilidhani walishinda kuoana. Sikujua ni jina.

KaraniMstaafu

Hata mhariri mmoja niliyekuwa nikimpelekea magazeti hakujua, Mlinzi, usijilaumu.

Kuna vitu viwili vidogo vinavyonisumbua usiku, niviweke hapa kabla chai haijaisha.

Cha kwanza. Tafuta uamuzi huu kwenye vitabu vya kesi. Mwaka 2015 umeandikwa kwa jina kamili, Eric Gitari dhidi ya Bodi. Ukifika ule wa 2023 unakuta NGOs Co-ordination Board dhidi ya EG na wengine 4. Herufi mbili. Mtu aliyepigania jina litajwe wazi miaka kumi, ushindi wake umehifadhiwa kwa vifupisho. Najua kuna sababu za faragha, nimebeba mafaili ya namna hiyo mengi. Lakini mara ya kwanza nilipoliona nilicheka peke yangu kama mwehu.

Cha pili ni Bodi yenyewe. Tarehe 14 Mei 2024 sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma ilianza kazi, ile iliyokuwa imepitishwa tangu 2013 ikakaa kabatini. Bodi ikageuzwa kuwa mamlaka mpya. Kwa hiyo hata mshtakiwa amebadilishwa jina, na yeye hakuhitaji kwenda mahakamani.

BiKibokoni

Hee! Hiyo ya pili umeniweza.

Kinyozi_Mtwapa

Mzee, rufaa ya ile 162 iliishia wapi? Waliokata rufaa 2019?

KaraniMstaafu

Rufaa ilikatwa, ndiyo. Ilikoishia waulize walioko masjala, mimi nimestaafu. Lakini angalia kalenda: 24 Aprili 2015 ilikuwa Ijumaa. 22 Machi 2019, Ijumaa. 24 Mei 2019, Ijumaa. 24 Februari 2023, Ijumaa. Na ile yako ya Mtwapa pia umesema Ijumaa.

Kinyozi_Mtwapa

Basi nitakuwa nafunga mapema Ijumaa. Au niweke kiti cha ziada nyuma ya pazia.

BiKibokoni

Weka na kahawa.